Saa Isiyotoa Cheche

Palikuwa na nchi. Iko wapi, msiniulize. Anayeijua hana haja ya kuambiwa, na asiyeijua ana bahati yake, simharibii.

Nchi hiyo ilikuwa na bendera, wimbo, uwanja wa ndege wenye mbuzi wengi kuliko ndege, na Mkuu. Mkuu alikuwa na sifa nyingi, zimeandikwa kwenye vitabu vya darasa la kwanza, lakini sifa iliyozipita zote ni kwamba tangu ashike nchi hajachelewa popote hata siku moja. Si kwamba aliwahi. Wapi! Alikuwa mtu wa kuoga pole pole, kula pole pole, na kuchagua kofia pole pole zaidi. Ila serikali yake ilikuwa na adabu. Pale Ikulu paliwekwa saa kubwa iitwayo Saa Mama, na saa zote za serikali, za posta, za shule, za mahakama, zikafungwa waya zikaifuata kama vifaranga. Mkuu akitarajiwa mahali saa tatu, basi Saa Mama ikigonga saa tatu inasimamishwa. Inangoja. Akishafika huko aendako, simu inapigwa Ikulu, "Mkuu amefika," mtunza saa anaiachia, nayo inaendelea kutoka pale pale iliposimama. Kwa hiyo kila alipofika alifika saa tatu kamili, na mwenye kubisha alionyeshwa saa ukutani.

Tabu zake zilikuwa ndogo ndogo tu. Watoto walibaki kwenye kipindi cha hesabu mpaka wengine wakaota ndevu humo humo. Watu waliofungwa wiki moja walitoka na mvi. Jua peke yake ndilo lilikuwa halijapata waraka. Lilichomoza na kuzama kienyeji, linavyotaka lenyewe, na gazeti la serikali lililikemea mara kwa mara kwa utovu wa nidhamu.

*

Basi katika nchi hiyo kulikuwa na kiwanda cha kujaza gesi ya kupikia kwenye mitungi, na humo alikuwemo Bi Kidawa binti Faki, msimamizi wa kina mama wa ukumbi wa kujazia. Ukumbi huo haukuwa mahali pa mchezo. Gesi ilikuwa inavuja vuja hewani siku zote, na cheche moja tu, hata ya ukubwa wa kiroboto, ingetosha kuwafanya wote wakusanywe kwa ufagio. Kwa hiyo ilikatazwa kuingia na simu, kuingia na saa ya mkononi, kuingia na viatu vya misumari. Hata gaguro la nailoni, lile la kuvaa chini ya gauni, lilikatazwa, maana nailoni ikisuguana na mapaja huzaa umeme. Mlinzi wa geti, jina lake Mahimbo, ndiye aliyepewa kazi ya kuuliza habari ya magaguro. Aliuliza huku ametazama mbinguni.

"Shikamoo, Bi Kidawa. Samahani lakini. Gaguro?"

"Marahaba. La pamba, mwanangu. Unataka cheti?"

"Pita tu, mama, pita."

Saa ya ukutani nayo ilikatazwa, maana saa za kawaida zina umeme ndani na umeme una mambo yake. Kwa hiyo wakati humo ukumbini ulikuwa unatolewa na Meneja Kisauti, ofisini kwake ng'ambo ya uwanja, kupitia dirishani. Zamu ilikuwa inaisha saa kumi alasiri. Kina mama wakipaza sauti, "Meneja, haijawa saa kumi?" yeye anatoa kichwa, anatabasamu, anasema, "Bado, mama zangu. Mapema mno." Popo wameshaanza kuruka, bado mapema mno.

Wengine walizoea. Bi Kidawa angezoea na yeye, kama si mguu wa mumewe.

Mumewe, Mzee Shekue, alikuwa amevunjika mguu akitundika picha ya Mkuu. Sheria ilitaka kila nyumba iwe nayo, tena juu, mahali ambapo hakuna mtu wa kuiangalia kwa kuinama, na ngazi ya Mzee Shekue haikuwa imesoma sheria. Akalazwa hospitali, mguu umening'inizwa kwa kamba, chakula maji ya kabichi. Sasa hospitali hiyo saa yake ilikwenda kutengenezwa na haikurudi, hivyo Muuguzi Mkuu alifunga mlango wa wageni kwa kutazama jua: kivuli cha tangi la maji kikigusa ngazi, komeo. Na kila siku Bi Kidawa alitoka kazini, akapita nyumbani akapasha supu ya kuku, akaitia kwenye chupa ya chai, akakimbia, akakuta kivuli kimeshapanda ngazi na kuingia ndani kabla yake.

Hapo alikaa kwenye ngazi akazungumza na mumewe kupitia dirisha la juu.

"Kidawa! Leo supu ya nini?"

"Ya kuku!"

"Wa kienyeji?"

"Wa kienyeji, baba Tano!"

"Ina ndimu?"

"Inayo!"

Anasikika akimeza mate, na wodi nzima inameza naye.

"Basi kunywa wewe, mke wangu. Kunywa kwa sauti nisikie."

Akainywa kwa sauti. Mume akawa anapungua, mke akawa ananenepa, na majirani, mnawajua majirani, wakaanza kusema kwamba Kidawa kamwacha mgonjwa afe huku yeye anakula kuku.

*

Ndiyo maana akadai saa. Alidai kwa mdomo, alidai kwa vikao, alidai mpaka Waziri wa Saa na Majira, Mheshimiwa Ndimbo, akaota ndoto amefukuzwa na mwanamke mwenye chupa ya chai. Akakubali ili apate usingizi.

Akaletwa Injinia Zuhura na makasha mawili. Kasha la kwanza lilikuwa na saa yenyewe, mviringo, uso mweupe, imefungwa kila tundu. Akawaeleza kina mama kwamba hiyo ni saa salama, inapewa umeme mdogo mno, hata uipige nyundo ukate nyaya zake hapo penye gesi haiwezi kutoa cheche ya kuwasha kitu.

"Kama mshahara wetu," akasema Bi Kidawa. "Hata uutikise vipi, haung'ai."

Kasha la pili lilikuwa na kisanduku kidogo cha kijivu, ambacho Injinia alikifunga nje kabisa, kwenye kibanda cha mlinzi, mbali na gesi.

"Hiki ni kitenganishi," akasema. "Waya wa Saa Mama unakuja na umeme wake wote mpaka hapa. Waya wa kwenda kwenye saa yenu unaanzia hapa. Lakini humu ndani hizi nyaya mbili hazigusani."

"Hazigusani, na saa itatembeaje?"

"Mama, una mkwe? Mume wa binti yako?"

"Ninaye."

"Mnashikana mikono?"

"Mungu apishe mbali! Akija anakaa ukumbini, mimi niko nyuma ya pazia. Nataka sukari, nasema, 'Lo, sukari imekwisha.' Kesho sukari inaletwa."

"Hivyo hivyo. Huku mkwe, huku mama mkwe, katikati pazia. Ujumbe unapita, mwili haupiti. Kule kwa Saa Mama hata radi ikipiga, umeme wake utaishia hapa penye pazia."

Kina mama wakaelewa wote pamoja, na mmoja akajifunika khanga usoni kwa heshima ya kisanduku.

Mheshimiwa Ndimbo, aliyekuja kukagua, alikipenda kisanduku hicho kuliko saa. Alikizunguka, akakipapasa, macho yakalowana.

"Ndugu wananchi," akasema, ingawa alikuwa amesimama na mlinzi, injinia na Bi Kidawa tu, "hiki ndicho serikali ilichokuwa ikikitafuta tangu uhuru! Juu kuko juu, chini kuko chini, hatugusani wala hatukutani, na amri inafika! Nitapendekeza kila wizara iwe nacho!"

"Na ujumbe wa kutoka chini kwenda juu, Mheshimiwa?" akauliza Bi Kidawa. "Nao unapita humo?"

Waziri akamtazama Injinia. Injinia akatazama viatu vyake.

"Tusikitwishe kisanduku mzigo usio wake," akasema Waziri.

Halafu likaja suala la fataki, maana katika nchi ile hakuna kilichozinduliwa bila fataki, hata choo cha shule.

"Mheshimiwa," Injinia akamwambia, "fataki moja ikipigwa kwenye ukumbi huu, uzinduzi wetu utasikika mpaka nchi jirani."

"Safi sana!"

"Sisi hatutausikia."

Waziri akafikiri. Ikaamuliwa kwamba fataki zipigwe kwa midomo. Kina mama wakafanya mazoezi wiki nzima, upande wa kulia "pu!", upande wa kushoto "pa!", na Meneja Kisauti akisimamia asisikike mtu anasema "pu" mahali pa "pa".

*

Siku ya uzinduzi ikafika. Mkuu alitarajiwa saa tatu asubuhi, na tangazo likatoka kwamba zamu ya siku hiyo itaanza mara tu atakapovuta kitambaa kilichofunika saa. Kuanza kazi kabla ya Mkuu kufika kungekuwa dharau.

Wakaja kina mama na sare mpya, magaguro ya pamba. Bi Kidawa alichungulia chini ya kitambaa. Mshale ulikuwa unatembea kimya kimya, mtoto mzuri wa Saa Mama, ukafika saa tatu, ukasimama.

"Imekufa?" akanong'ona mwenzake.

"Haijafa. Inamngoja Mkuu."

Bi Kidawa akaachia kitambaa. Miaka yote amedai saa, na saa aliyoletewa ni ile ile ya nchi nzima. Akitoka saa kumi ya Mkuu, kivuli cha tangi kitakuwa kimelala. Na jana yake, kutoka dirishani, Mzee Shekue alikuwa ameuliza swali jipya. Hakuuliza habari ya ndimu. Alisema, "Kidawa, hiyo supu, hivi ladha yake ilikuwaje?"

Jua likapanda. Wakakaa. Matarumbeta yakapigwa mara ya kwanza, ya pili, wapigaji midomo ikavimba. Jua likafika utosini, na saa tatu ya asubuhi ikawa kali kupita saa tatu zote zilizowahi kuonekana.

Mara king'ora. Watu wakasimama, "pu!" zikaanza upande wa kulia. Kumbe si Mkuu. Lilikuwa gari la Ikulu limebeba mtungi wa gesi mtupu, na juu yake, ameukumbatia kama mgonjwa, Mpishi wa Ikulu na kofia yake nyeupe.

"Jazeni haraka!" akalia. "Gesi imekwisha Ikulu, mayai ya Mkuu yako kikaangoni hayajaiva wala si mabichi!"

"Haiwezekani," akasema Meneja Kisauti. "Zamu haijaanza."

"Anzeni!"

"Saa haijatembea."

"Itembezeni!"

"Mpaka Mkuu afike."

"Mkuu hatoki bila kula! Ni sheria hiyo, kiongozi hahutubii na tumbo tupu."

"Basi ale."

"Ale nini? Mayai hayajaiva!"

"Yaivisheni."

"Kwa gesi gani?"

Meneja akaanza tena kutoka mwanzo, labda kuna mahali alipotea njia, akazunguka, akarudi pale pale kwenye mtungi.

"Mkaa je?" akauliza Waziri Ndimbo, jasho linamtiririka.

"Mkaa Mkuu mwenyewe aliupiga marufuku redioni. Utaingia Ikulu kwa mlango gani?"

Mheshimiwa Ndimbo akakaa chini kwenye zulia jekundu. Akaona mambo yalivyo: Mkuu hali mpaka wafanye kazi, hawafanyi kazi mpaka saa itembee, saa haitembei mpaka Mkuu aje, na Mkuu haji mpaka ale. Na atakayeulizwa ni Waziri wa Saa.

*

Bi Kidawa akaja akachuchumaa karibu naye, kwa heshima zote.

"Mheshimiwa, samahani. Mimi darasa langu dogo. Nina swali la kijinga."

"Uliza, mama, leo ndiyo siku yake."

"Kile kisanduku pale kwa Mahimbo. Injinia alisema kinafikisha kitu bila kitu chenyewe kuja."

"Ndivyo."

"Na Saa Mama ni ya nani?"

"Ya Mkuu."

"Mkono unaoiachia itembee ni wa nani?"

"Wa Mkuu, kupitia mtunza saa."

"Basi hii saa yetu ikitikisika, hapa atakuwa amefika nani?"

Waziri akasimama, kofia ikaanguka, akaikanyaga.

"Mkuu!" akasema. "Mkuu amefika kwa kitenganishi! Hajagusa mtu, hajaguswa, na amefika! Ni kiongozi wa kwanza duniani! Simu, leteni simu, napiga Ikulu niseme ndiyo kwanza amefika sasa hivi!"

"Sasa hivi?" Bi Kidawa akashika shavu. "Yaani muda wote huu tangu saa tatu alikuwa kwenye waya? Injinia, binti yangu, hiki kisanduku kinachelewesha?"

"Kinapitisha papo hapo, mama," akasema Injinia Zuhura, na pembe ya mdomo wake ikacheza. "Mtu hawezi hata kupepesa jicho."

"Haya, mimi nauliza tu. Maana kama amefika sasa hivi, na kisanduku hakikumchelewesha, basi itabidi isemwe yeye mwenyewe..." Akajiziba mdomo kwa kiganja. "Astaghafirullahi. Neno hilo silitamki."

Waziri akageuka rangi. Meneja Kisauti akarudi nyuma hatua kadhaa, asije akaonekana alikuwepo.

"Alifika saa tatu kamili!" akapiga kelele Waziri. "Kamili! Nani anasema hakufika? Sote tulimwona!"

"Tulimwona," wakasema kina mama.

"Basi, Mheshimiwa," akasema Bi Kidawa taratibu, kama anayechambua mchele, "nani aliyeacha saa ya Mkuu imesimama asubuhi nzima, na mwenyewe Mkuu yumo ndani?"

Hapo Waziri alikimbia. Simu ilikuwa kwenye kibanda cha Mahimbo, na wote walisikia, maana Mheshimiwa alikuwa na sauti ya mikutano.

"Mtunza Saa? Mkuu amefika! ... Hapa kiwandani! ... Tangu saa tatu! ... Unasemaje? Unamwona dirishani? Amevaa pajama?" Akafuta jasho. "Sikiliza wewe. Huyo unayemwona hapo ni upande wa pili wa kitenganishi. Usimguse! Achia saa, iendeshe mbio mpaka nikuambie basi. ... Kwa amri ya nani? Kwa amri ya huyo uliyemwona, upande wa huku!"

Kitambaa kikavutwa. Na jamani, mshale ule! Ukatetemeka, ukaondoka, ukazunguka kama mwanamke aliyesahau maharage jikoni. Saa nne, saa tano, saa sita. Nchi nzima saa zikakimbia. Shuleni kengele zikalia zote kwa mpigo, watoto wakamwagika nje na ndevu zao. Magerezani watu wakatoka wakiulizana njia. Injinia Zuhura akatoa saa yake ya mkononi kwenye droo ya Mahimbo, akaitazama, na mshale ulipolingana nayo akainua mkono, na Waziri akasema kwenye simu, "Basi!" Ilikuwa saa nane, na jua, kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi ile, likakutwa mahali pake.

"Pu!" wakasema wa kulia. "Pa!" wakasema wa kushoto. Redio ikatangaza kwamba Mkuu amezindua saa kwa hotuba fupi.

Mtungi wa Ikulu ukajazwa kwanza, Mpishi akaondoka nao na king'ora chake. Kisha wakajaza ya wananchi, na Bi Kidawa akifanya kazi jicho moja kwenye mtungi na jingine ukutani. Saa kumi ilipogonga, akavua glavu.

"Bado, mama zangu," ikaja sauti ya Meneja Kisauti dirishani, kwa mazoea tu. "Mapema m..."

Kina mama waliinyooshea saa vidole. Meneja akaiangalia, akakumbuka ni ya nani, na nani yumo ndani yake, akarudisha kichwa ofisini na kufunga dirisha.

*

Walipofika getini wakakuta msafara. Magari meusi, pikipiki, vumbi. Mkuu alikuwa ameshiba, amechagua kofia, amekuja. Kichwa kimetoka dirishani, na mbele ya gari, mikono kiunoni, amesimama Mahimbo.

"Mzee, shikamoo, lakini huingii. Mkuu yumo ndani tangu saa tatu."

"Mimi ndiye Mkuu!"

"Redio imetangaza ameshafika. Sasa wewe ukiwa ndiye, yule atakuwa nani? Unataka nifungwe?" Akainama, akaitazama suti. "Halafu hiyo ni nailoni. Na hayo manishani ni chuma. Samahani lakini, Mzee. Ndani yake je? Gaguro?"

Walinzi wa msafara wakatazama mbinguni. Mkuu akatafuta mtu wa kumwokoa, akamwona Bi Kidawa anapita pembeni na mkoba wake.

"Wewe mama! Nyie kina mama wote! Rudini ndani mnipokee."

Wakasimama. Bi Kidawa akatazama jua. Lilikuwa pazuri, lilikuwa bado pazuri, lakini halikuwa la kuchezea. Kupokewa kwa Mkuu kulikuwa na nyimbo, ngoma, hotuba, nyimbo tena. Angerudi mle ndani, asingetoka kabla ya popo.

"Tulishakupokea, baba," akasema, akapiga goti kidogo. "Ilikuwa raha tupu."

"Lini?"

"Asubuhi. Saa tatu kamili. Na hotuba yako! Tangu nizaliwe sijasikia hotuba tamu kama ile."

Mkuu akalainika kidogo. "Nilisemaje?"

"Hukusema kitu. Watu walilia."

"Walilia?"

"Wengine walizimia."

Mkuu akaegemea kiti, akaifikiria hotuba ile. Alionekana ameridhika nayo. "Hata hivyo niingie kidogo tu, wanione. Saa ngapi sasa?"

Hapakuwa na mtu katika nchi ile aliyewahi kuulizwa swali hilo na Mkuu, maana saa zote zilikuwa zake. Bi Kidawa akamsogelea, akapunguza sauti kama anayemsitiri mtu aliyefunguka kifungo.

"Imepita saa kumi, baba. Kwa saa yako mwenyewe, haijasimama tangu uiachie. Umekwisha fika kwa wakati, kila mtu anajua. Ukiingia sasa hivi, utakuwa umechelewa."

Hata pikipiki zilijizima. Neno lile lilikuwa halijawahi kufika kwenye masikio yale, nalo likaingia taratibu, likaonekana linavyoteremka, mpaka likafika mahali fulani karibu na mayai.

Mkuu akavua kofia. Akaivaa tena.

"Dereva," akasema. "Geuza."

Msafara ukageuka, mmoja mmoja, kwa adabu, na vumbi lilipotua Bi Kidawa alikuwa ameshavuka barabara.

Alipita nyumbani. Alipasha supu mpaka ikatokota, akakamua ndimu mbili, akaimimina kwenye chupa, akafunga kifuniko kwa nguvu zote. Kivuli cha tangi kilikuwa bado kinajivuta kwenye mchanga, hatua chache kutoka ngazini, alipokiruka na kupita mlangoni. Muuguzi Mkuu alifungua mdomo kumfukuza, akaangalia nje, akaangalia jua, akaufunga.

Mzee Shekue alikuwa amekabili dirisha, shingo imenyooshwa, anangoja sauti itoke chini.

"Kidawa!" akaita nje. "Leo supu ya nini?"

"Ya kuku," akasema mkewe nyuma yake.

Yule mzee aligeuka kwa pupa mpaka kamba ya mguu ikalia. Alinyoosha mikono miwili. Akamiminiwa kikombe, moshi unatoka, na wodi nzima ikainuka kwenye mito kutazama.

"Ngoja kwanza ipoe, baba Tano."

"Nimengoja vya kutosha," akasema, akapiga funda.

Akaunguza ulimi, machozi yakamtoka, akapiga la pili. Na hiyo, siku ile, ndiyo ajali pekee iliyotokea.